Tarishi Anaondoka

Ijumaa ile mshonaji alikunja shuka moja mara nne. Aliikunja, akaiona imekaa upande, akaikunjua, akaikung'uta, akaikunja tena, na bado akaiweka kitandani kwa kinyongo kana kwamba shuka yenyewe ndiyo inayomchukua mwanawe. Kesho saa mbili asubuhi basi lingesimama pale kona na kumpeleka bintiye wa pekee chuoni, na tangu alfajiri yeye hakuwa ametulia hata dakika tano. Akienda jikoni, anasahau alichofuata. Akirudi kwenye cherehani, anashona mistari miwili kisha ananyanyuka. Chai yake ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

"Mama, hiyo shuka itachakaa kabla sijailalia," binti alisema, huku akihesabu soksi zake sakafuni.

"Wewe hesabu soksi. Na mwambie baba yako atafute kamba ya kufungia mizigo, asije akangoja mpaka basi lipige honi ndipo aanze kuzunguka kama kuku."

Binti aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hapakuwa mbali. Karakana ya baba yake ilikuwa uani, hatua kumi na mbili kutoka dirisha la mshonaji, na mtu akikohoa kule huku anasikika. Baada ya muda mfupi binti alirudi.

"Baba anasema kamba ipo, na usijichoshe."

"Hm," mama aliguna, lakini mabega yake yakashuka kidogo.

Ndivyo walivyoishi katika nyumba ile kwa miaka mitatu. Seremala na mkewe hawakuongea. Walikula meza moja, wakalala kitanda kimoja kila mtu akiangalia ukuta wake, wakaitikia hodi za wageni kwa tabasamu la kuazima, lakini neno la kutoka kinywani mwa huyu kwenda sikioni mwa yule lilipitia kwa mtoto. Mwambie baba yako. Muulize mama yako. Jirani mmoja mwenye ulimi ndiye aliyeanza kumwita binti Tarishi, na jina likamganda mpaka wenyewe nyumbani wakalizoea. Sasa Tarishi alikuwa na miaka kumi na tisa, barua ya kupokelewa chuoni iko kwenye bahasha juu ya kabati, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuuliza nani atabeba maneno kuanzia kesho.

Yaani hakuna aliyeuliza kwa sauti. Moyoni mshonaji alikuwa ameshajiuliza, akajijibu. Uvunguni mwa kitanda, nyuma ya ndoo ya vitambaa vya viraka, kulikuwa na begi la pili, la kahawia, la zamani. Humo mlikuwa na nguo zake mwenyewe.

Simu ililia mchana. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Chumba kipo tayari," dada alisema hata kabla ya salamu. "Nimeweka godoro jipya. Unakuja Jumapili au Jumatatu?"

"Dada, mtoto hajaondoka bado."

"Ndiyo nakuuliza kabla. Mimi nakujua, utaanza kupiga danadana. Mwanamume hakuongeleshi miaka mitatu, unamngoja akuandikie? Wewe ulikaa kwa ajili ya mtoto. Mtoto anakwenda. Sasa unabaki kwa ajili ya nani?"

Mshonaji alikuwa amesimama dirishani. Kule uani mumewe aliinama juu ya kitu kirefu kilichofunikwa turubai, anasugua kwa msasa, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mbao. Mikono ilikuwa ileile iliyomfanya, akiwa msichana, apeleke kiti kizima kutengenezwa. Kiti hakikuwa na kasoro. Alikilegeza mguu mwenyewe ili apate sababu ya kwenda. Alimchukia kwa kuwa bado anapendeza kumtazama.

"Hunijibu?" dada aliuliza.

"Jumatatu," alisema. "Nadhani Jumatatu."

"Usidhani. Njoo."

Ugomvi wao ulianza na meza. Ilikuwa meza ya kukatia vitambaa aliyoachiwa na marehemu mama yake, ambaye naye alikuwa mshonaji. Ukingoni mwake mama alikuwa amepigilia misumari ya shaba, kila inchi msumari mmoja, thelathini na sita kwa jumla, yadi kamili, na kila kitambaa kilichopita pale kilipimwa kwa misumari ile kabla mkasi haujafunguka. Mshonaji alijifunza kuhesabu kwayo. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kumuuguza dada yake wiki mbili, na aliporudi alikuta meza mpya, pana, imepigwa vanishi inang'aa kama kioo. Ya mama haikuwepo. Mdudu alikuwa ameila miguu na kifua kinachobeba ubao wa juu, mume alisema, ingemwangukia siku moja, yeye ameona amfanyie jambo la kumfurahisha. Alikuwa anatabasamu, maskini, na brashi bado iko mkononi.

Mshonaji hakupiga kelele. Alisema, "Usiniongeleshe mpaka meza ya mama yangu irudi humu ndani." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alidhani atabembelezwa siku mbili, tatu, wiki ikizidi sana. Lakini aliolewa na seremala anayekata mbao pale hasa ulipochora mstari. Aliambiwa asiongee, hakuongea.

Saa kumi jioni mlango wa nyuma ulifunguka, na seremala akaingia akisukuma kitu kwenye magurudumu madogo. Tarishi alikuwa mbele yake, anashikilia mlango, anacheka.

"Mama, njoo uone sanduku langu!"

Mshonaji alitoka na sindano tatu midomoni. Lilikuwa sanduku la mbao, refu, la rangi ya asali, lenye mkono wa chuma kila upande. Pembe zake zilikutana bila uwazi hata wa unywele. Kazi ile ilimfanya mtu atake kuigusa, naye aliigusa, akapitisha kiganja juu ya mfuniko mpaka ukingoni.

Vidole vyake vikakuta vichwa vya misumari.

Hakuhitaji kuinama. Vidole vilijua vyenyewe: moja, mbili, tatu, na wa saba uliokaa chini kidogo kuliko wenzake, kwa sababu mama aliupiga vibaya siku ile jino lilipokuwa linamuuma. Mshonaji alizitoa sindano mdomoni moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Umeikata," alisema.

Tarishi aliacha kucheka. Mama hakuwa anamwangalia yeye.

"Meza ya mama yangu. Kumbe uliificha miaka yote hii, halafu umeikata. Tena bila kuniuliza. Mara ya pili!"

Seremala alimwangalia binti yake, kwa mazoea tu, kama mtu anayetafuta mlango.

"Usimwangalie mtoto! Mimi ndiye ninayesema na wewe!"

"Lakini nilikuuliza," alisema.

Sauti yake ilimshtua mkewe. Haikuwa sauti aliyozoea kuisikia ikiongea na wateja uani. Ilikuwa imekwaruza, ya chini, na ilielekezwa kwake.

"Uliniuliza lini? Ndotoni?"

"Mwezi wa pili. Nilikuuliza kama utaona vibaya mbao za mama zikimtengenezea mtoto sanduku. Miguu ilikuwa imeliwa, kifua kimeliwa, nilichookoa ni ubao wa juu na mbavu mbili. Hazikutosha kurudisha meza. Ukajibu kwamba ni sawa, tena marehemu angefurahi. Nilifurahi mimi, nikakaa nje nikavuta pumzi. Ndipo nikaanza kukata."

"Mimi nimejibu hivyo? Mimi?"

Wote wawili waligeuka. Tarishi alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni alipovunja sahani.

"Nilifika mpaka mlangoni," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuuliza, mama, haki ya Mungu. Lakini ulikuwa unaimba. Ulikuwa unatia vifungo, na unaimba, na ulikuwa hujaimba siku nyingi mno. Nikasema nikimtajia meza sasa hivi, hataimba tena mwaka mzima. Nikarudi nikamwambia baba umesema sawa."

"Ukadanganya," baba alisema.

"Nikadanganya. Na si hiyo tu." Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini alikuwa mtoto wa mama yake, akayafuta kwa hasira. "Mnadhani maneno yenu yalikuwa yanabebeka? Mnanipa maneno ya kutupiana, mimi nayasafisha njiani. Hatua kumi na mbili, nazijua zote. Leo mama kasema usizunguke kama kuku. Wewe baba kamba ulisema ipo, basi. Hilo la mama asijichoshe nimeliweka mimi. Miaka mitatu nimekuwa nikiweka!"

Cherehani ilikuwa bado imebeba kitambaa nusu, na mguu wake wa kukandamizia ulikuwa umeinuliwa.

"Nimeacha kazi," Tarishi alisema. "Leo leo. Sina likizo, sina mshahara, jina lenyewe silipendi. Nakwenda kuwaaga rafiki zangu. Kama mnataka kugombana, gombaneni wenyewe. Na kama sanduku halitakwenda, basi halitakwenda, nitabeba vitu vyangu kwenye ndoo."

Akatoka kwa mlango wa mbele.

Walibaki na sanduku katikati yao. Mshonaji alitaka kukaa, akaona akikaa ataonekana ametulia, naye hakuwa ametulia hata kidogo. Akaenda dirishani, akarudi. Kitu kilichomuuma hakikuwa sanduku tena, na aibu ikamjaa kwa kujua hilo. Alikuwa anapekua kichwani maneno yote matamu ya miaka mitatu, moja moja, anayatazama kama noti anazoshuku ni bandia.

"Gauni la kijani," alisema hatimaye, bila kumwangalia. "Siku ya arusi ya mdogo wako. Uliniletea neno kwamba limenipendeza."

Seremala alikuna kidevu.

"Sikusema hivyo."

Ilimchoma kuliko alivyotarajia. Gauni lile alikuwa amelivaa mpaka limepauka.

"Ulisema nini?"

"Nilisema, mwambie mama yako pindo la nyuma limefumuka."

"Pindo!"

"Lilikuwa limefumuka. Upande wa kushoto, kama vidole vinne hivi."

"Kwa hiyo kati ya watu mia mbili, wewe ulikuwa unaniangalia nyuma?"

"Nilihama kiti mara mbili," alisema seremala, na masikio yake yakaiva. "Pale mwanzo nguzo ilikuwa inaniziba."

Mshonaji alitaka kununa, lakini kununa kulikataa. Akajishughulisha na uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa blauzi.

"Na wewe," mumewe alisema, "kila jioni nikifunga karakana, mtoto ananiambia, mama anasema pole na kazi. Kila jioni. Siku nyingine nilichelewesha kufunga, nikijua linakuja. Nikawa najiambia, hanitaki machoni, lakini ananiwaza." Akamgeukia. "Ulikuwa unasema nini hasa?"

Mshonaji aliukata ule uzi kwa meno.

"Nilikuwa nasema usiingie na vumbi lako."

"Aa."

"Kila jioni," akaongeza, maana siku ile ilikuwa ya ukweli.

Seremala alitikisa kichwa polepole. Akapiga goti kando ya sanduku, akafuta kitu kisichokuwepo kwenye mfuniko.

"Nimelifanya la yadi moja," alisema. "Ni refu mno kwa bweni, najua. Nilipima nikaona inchi thelathini zinatosha. Lakini ningepoteza misumari sita. Sikuweza."

Mshonaji aliinama, akahesabu. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa akiwa na miaka mitano na mkono wa mama ukiwa juu ya wake. Thelathini na sita. Wa saba bado umekaa chini. Fundi yeyote angeung'oa akaunyoosha, na mumewe alikuwa fundi asiyeweza kupita penye msumari mbaya bila mkono kumwasha.

"Huu hukuunyoosha," alisema.

"Ulinisimulia. Habari ya jino."

Alimsimulia kabla hawajaoana. Mara moja tu. Mshonaji alikaa juu ya sanduku, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuinuka.

"Kwa nini hukuongea?" aliuliza. "Miaka mitatu, wewe mwanamume! Nilisema kwa hasira. Mtu akisema kwa hasira unamwacha hivyohivyo?"

"Ulisema mpaka meza irudi. Nilikuwa nairudisha. Kila nikipata nafasi nachonga, natibu, natupa palipooza. Nikafika mahali nikajua haitarudi, na kama haitarudi ndiyo basi, sina ruhusa ya kuongea. Nikaogopa. Kukaa kimya ukazoea si kazi, Sindano. Kuanza tena ndiko kugumu."

Sindano. Alimwita hivyo enzi za uchumba, kwa wembamba wake na kwa ukali wake, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kumwita hivyo. Jina hilo hakika Tarishi hakuliweka, maana hakulijua.

Alikuwa karibu kunyoosha mkono. Kweli alikuwa karibu. Ndipo mumewe akasema, huku anaangalia sakafu:

"Begi lile la kahawia. Unaondoka lini?"

"Umelionaje?"

"Wiki mbili sasa. Nilikuwa natafuta nyundo ndogo uvunguni."

"Na ukanyamaza."

"Mkono wa begi ulikuwa umelegea. Nikautia skrubu mpya, nikaukaza."

"Umenitengenezea begi la kukuacha nalo?"

"Limejaa sana," seremala alisema. "Ungelibeba mwenyewe mpaka kituoni. Sikutaka likukatikie njiani."

Mshonaji alikuwa na dada aliyetandika godoro jipya, na neno Jumatatu alilolitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Hodi ya mteja aliyefuata suruali yake ikawatenganisha. Baadaye Tarishi alirudi, akawakuta kila mmoja kwenye kazi yake, akasoma nyuso zao, asielewe kitu. Wakaketi kula. Mara mbili mshonaji aliinua macho na kumkuta mumewe anamwangalia, na mara mbili wote wawili wakaangalia chumvi.

Asubuhi basi lilikuja kabla ya saa, kama linavyokuja pale tu usipotaka. Hapakuwa na wakati wa hotuba. Utingo alilitazama sanduku, akauliza kama humo kuna mtu, akalipandisha juu ya paa. Tarishi alimkumbatia baba, akamkumbatia mama, kisha akawashika wote wawili pamoja kwa nguvu mpaka mikono yao ikagusana mgongoni kwake.

"Sanduku si lazima niende nalo," alinong'ona. "Mama, ni la bibi. Sema tu, lishushwe."

Mshonaji alitazama juu ya paa. Ukingo wa mfuniko ulikuwa upande wake, na misumari ilipata jua.

"Nenda nalo. Ukinunua kitambaa huko, pima mwenyewe. Usimwamini mwenye duka." Akamsukuma taratibu kuelekea mlangoni. "Nenda, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo."

Basi likaondoka. Mkono ulipunga dirishani mpaka kona ikaumeza. Moshi ukatawanyika, watu wengine wakaenda zao, na barabarani wakabaki mume na mke waliosimama mbali kidogo, wakiwa wameacha katikati yao nafasi yenye upana wa msichana mmoja.

Walianza kurudi. Mke alitembea haraka, akapunguza, akaharakisha tena. Mumewe alifuata kila mwendo bila kulalamika. Kichwani mwa mshonaji dada alikuwa anasema usidhani, njoo. Nyumba yao ilipoanza kuonekana alihisi kwamba akiingia ndani bila kusema, hatasema tena.

"Mwambie baba yako..." alianza, na akageukia pembeni, pale ambapo kila siku palikuwa na mtu.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nafasi tupu, na ng'ambo ya nafasi hiyo mumewe, amesimama, anangoja.

"Niambie mwenyewe," alisema.

"Lile begi." Alikaza sauti. "La uvunguni. Ni zito, siwezi kulivuta peke yangu."

Alimwona anavyolipokea. Uso haukukunjamana, ulishuka tu, kama pazia linaloachiwa kamba. Lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Sawa. Nitakubebea. Mpaka kituoni?"

"Mpaka kabatini," alisema mshonaji. "Halafu unipe namba ya skrubu hizo, dada yangu naye ana begi bovu." Akavuka ile nafasi, akamshika mkono hadharani, mchana kweupe, na kwa kuwa machozi yalikuwa yanakuja na hakutaka yaonekane, akaongeza kwa ukali, "Na usiingie na vumbi lako."

Lilikuwa neno lilelile la kila jioni, na kwa mara ya kwanza lilimfikia likiwa bichi. Seremala alicheka mpaka akainama, pale katikati ya njia.

"Pole na kazi na wewe, Sindano," alisema.